Dikteta wa Kiprotestanti: Mwongozo Kamili wa Kumpima Mtawala Kabla ya Kumpa Jina

Katikati ya Nairobi kuna barabara nne unazoweza kuzipitia zote kwa miguu asubuhi moja: Tubman Road, Banda Street, Kaunda Street na Moi Avenue. Kila moja imebeba jina la rais wa Kiafrika aliyelelewa au kuabudu katika kanisa la Kiprotestanti. William Tubman wa Liberia alikuwa mhubiri wa Kimethodisti. Hastings Kamuzu Banda wa Malawi alikuwa mzee wa Kanisa la Scotland. Kenneth Kaunda wa Zambia alizaliwa katika misheni ya Lubwa, ambako baba yake alihudumia Wapresbiteri. Daniel arap Moi wa Kenya alikuwa muumini wa AIC (Africa Inland Church), na Jumapili jioni taarifa ya habari ilituonyesha ibada aliyohudhuria kabla ya kutuonyesha kitu kingine chochote. Wote wanne waliongoza nchi ambazo, kwa kipindi fulani, zilikuwa na chama kimoja tu.

Je, wote walikuwa madikteta? Nafundisha historia na huwa nakaa na vijana wa makanisa mbalimbali kwenye mijadala ya Jumamosi, na swali hili halikosi kuzua joto. Mara nyingi joto hilo halizai chochote, kwa sababu watu wanaanzia kwenye dini. Mkatoliki anamtaja Cromwell, Mprotestanti aliyetawala Uingereza, Mprotestanti anamrudishia Franco wa Uhispania na Salazar wa Ureno, madikteta Wakatoliki, na baada ya dakika chache kila upande unahesabu madhambi ya mwenzake. Mwongozo huu ni wa mwalimu, kiongozi wa ushirika wa vijana, au mtu yeyote anayetaka kulishughulikia swali hili kwa haki. Msimamo wangu ni kwamba mamlaka yapimwe kwanza na dini baadaye, na kinachopimwa ni miaka ya utawala, si mtu mzima mzima tangu kuzaliwa hadi kaburini.

Hatua ya kwanza: ondoa wasiopimika

Chukua daftari na ugawe kurasa mbili, ya wale utakaowapima na ya wale utakaowaweka kando. Kwenye ukurasa wa kando anza na wafalme wa kurithi. Mfano ulio wazi kabisa ni Denmark. Mwaka 1665 Mfalme Frederik III alitia sahihi Sheria ya Mfalme, iliyompa mamlaka juu ya sheria zote za nchi na kumwekea mipaka michache tu: ashike imani ya Kilutheri ya Ungamo la Augsburg la 1530, asiigawanye nchi, na asiipunguze nguvu sheria hiyo yenyewe. Utaratibu huo ulidumu hadi 1849. Hapo una mtawala Mprotestanti mwenye nguvu zisizo na kizuizi, tena kwa maandishi. Hata hivyo simwiti dikteta, kwa sababu nguvu zake zilikuwa ndiyo sheria ya nchi, na mrithi wake alijulikana. Ninayemtafuta ni yule anayekaa kwenye kiti kilichokusudiwa kuwa na mipaka, kisha akaing'oa.

Weka kando pia John Calvin, mwanamageuzi wa kanisa la Kiprotestanti. Wengi humwita dikteta wa Geneva. Ukweli ni kwamba hakushika wadhifa wowote wa serikali. Baraza la mji lilimfukuza mwaka 1538, akarudi 1541, na uraia hakuupata hadi 1559. Michael Servetus, mwanateolojia aliyeshtakiwa kwa uzushi, alipochomwa moto tarehe 27 Oktoba 1553 hukumu ilitolewa na baraza, ingawa Calvin ndiye aliyesukuma kesi. Kuna hatia hapo, na nzito. Lakini mtu anaweza kushiriki ukatili mkubwa bila kuwa dikteta, na kuna madikteta waliomwaga damu kidogo. Vijana wakilielewa hilo mapema, nusu ya ubishi inakwisha.

Warumi wa kale wanasaidia hapa. Kwao dikteta alikuwa afisa halali, aliyeteuliwa wakati wa hatari kwa muda usiozidi miezi sita. Tatizo lilianza pale jenerali Sulla alipokaa bila kikomo cha muda, na likafika kileleni mwaka 44 KK Julius Caesar alipofanywa dikteta wa maisha. Tangu enzi hizo swali la msingi limekuwa hilo hilo: mtu huyu anatoka vipi?

Hatua ya pili: maswali manne ya mamlaka

Kwa kila aliyebaki, uliza maswali haya bila kutaja dini yake. Kwanza, kulikuwa na njia ya amani ya kumwondoa, njia ambayo kweli ingefanya kazi? Pili, ni nani aliyeweza kumwambia hapana na kesho yake bado akawa na kazi: jaji, mkaguzi wa hesabu, mhariri? Tatu, sheria ilikatwa ikashonwa ili imtoshe yeye? Nne, aliyempinga alipatwa na nini?

Kanuni yangu ni kwamba majibu matatu mabaya katika kipindi kimoja yanatosha. Jibu moja baya linapatikana hata katika nchi zenye demokrasia ya heshima.

Tumpime Oliver Cromwell polepole, maana ndiye anayetajwa kuliko wote. Alikuwa Mpuritani (Mprotestanti wa msimamo mkali) wa Kiingereza aliyeinuka kupitia vita vya Bunge dhidi ya Mfalme Charles I, ambaye alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649. Tarehe 20 Aprili 1653 Cromwell aliingia Bungeni na askari wenye bunduki, akawafukuza wabunge waliokuwamo. Desemba mwaka huo akawa Bwana Mlinzi wa Uingereza, Scotland na Ireland, chini ya katiba ya maandishi iliyotungwa na maafisa wa jeshi.

Swali la kwanza, basi: kumwondoa kulihitaji jeshi, na jeshi lilikuwa lake. Jibu baya.

La pili lina kisa ambacho huwa nakisimulia hadi mwisho. Mfanyabiashara mmoja wa London, George Cony, alikataa kulipa ushuru wa forodha kwa hoja kwamba hakuna Bunge lililouidhinisha. Mwaka 1655 kesi ikafika mahakamani. Mawakili wake, kwa kuitetea hoja hiyo tu, walitupwa gerezani katika Mnara wa London. Jaji Mkuu Rolle, akiona hawezi kutoa hukumu anayoiamini, akajiuzulu. Waambie vijana wafikirie chumba kile cha mahakama: mteja amesimama peke yake, meza ya mawakili iko tupu, na jaji anatafuta njia ya kutoka. Hakuna aliyeuawa, ila mtu wa kusema hapana hakubaki.

La tatu ni gumu zaidi. Mwaka 1657 Bunge lilimpa Cromwell taji la ufalme, akalikataa. Mwaka huo huo Bunge lilikataa kuidhinisha kodi iliyowaweka mameja-jenerali, wale maafisa wa jeshi aliokuwa amewakabidhi mikoa ya Uingereza na Wales tangu 1655, na mfumo huo ukaanguka. Kwa hiyo palikuwa na pumzi kidogo. La nne linategemea ulikuwa wapi. Huko Ireland, Drogheda na Wexford mwaka 1649, jibu ni mauaji ya halaiki. Nchini Uingereza wapinzani wengi walifungwa, lakini wengi wao waliishi.

Hitimisho langu: Cromwell aliingia udikteta Aprili 1653, ulikuwa mkali kabisa kati ya 1655 na mwanzo wa 1657, kisha ukalegea hadi kifo chake tarehe 3 Septemba 1658. Anayemwita dikteta bila kutaja miaka hajamaliza kazi, na anayekataa kabisa hajaisoma kesi ya Cony.

Kwa swali la tatu mfano bora unatoka Korea Kusini. Syngman Rhee, Mmethodisti, alikuwa rais tangu 1948. Mwaka 1954 chama chake kilitaka kuondoa kikomo cha vipindi kwa rais wa kwanza, yaani yeye. Ilihitajika theluthi mbili ya wabunge 203. Toa simu yako upige hesabu: 203 mara mbili, gawanya kwa tatu, unapata 135.33. Binadamu hawagawanyiki, kwa hiyo zinahitajika kura 136. Kura za ndiyo zilikuwa 135. Mswada ukatangazwa umeanguka. Siku mbili baadaye ukatangazwa umepita, kwa maelezo kwamba 135.33 ikikadiriwa inakuwa 135. Rhee alibaki hadi wizi wa kura wa Machi 1960, wanafunzi walipojaa barabarani na kupigwa risasi. Alijiuzulu tarehe 26 Aprili 1960.

Swali la nne ndilo linalomtambulisha Efraín Ríos Montt wa Guatemala. Jenerali huyu aliliacha Kanisa Katoliki mwishoni mwa miaka ya 1970, akajiunga na kanisa la Kipentekoste la El Verbo, lenye asili yake California. Mapinduzi ya tarehe 23 Machi 1982 yalimweka madarakani pamoja na wanajeshi wenzake wawili. Kufikia Juni alikuwa amewaondoa na kubaki peke yake. Bunge lilifungwa na katiba ikasimamishwa. Akaunda mahakama maalumu ambazo majaji wake hawakujulikana, na Machi 1983, siku chache kabla ya Papa John Paul II kutua nchini, watu sita waliohukumiwa na mahakama hizo walipigwa risasi. Jumapili jioni alitokea kwenye televisheni akihubiri maadili ya familia na uaminifu kazini. Wakati huo huo jeshi lilikuwa likiteketeza vijiji vya Wamaya, wenyeji wa asili, milimani, na lililowaachia wenyeji waliobaki ni maharagwe kwa wanaotii na bunduki kwa wengine.

Aliangushwa na waziri wake wa ulinzi tarehe 8 Agosti 1983. Tarehe 10 Mei 2013 mahakama ya Guatemala ilimpata na hatia ya mauaji ya kimbari dhidi ya Wamaya wa Ixil, katika kesi iliyohusu vifo vya watu 1,771, ikamhukumu miaka 80. Siku kumi baadaye Mahakama ya Katiba ikaifuta hukumu hiyo, na alifariki Aprili 2018 kesi ikiwa bado inarudiwa. Majibu mabaya yote manne, kwa miezi kumi na saba tu. Muda mrefu madarakani si kipimo.

Hatua ya tatu: andika miaka, si jina peke yake

Rudi sasa kwenye barabara zetu nne.

Banda ni rahisi kwa masikitiko. Tarehe 6 Julai 1971 alitangazwa rais wa maisha, na swali la kwanza likafungwa. Kadi ya chama chake ilidaiwa sokoni na kwenye mabasi. Mashahidi wa Yehova, waliokataa kuinunua kwa sababu ya imani, walipigwa marufuku mwaka 1967 na maelfu yao wakakimbilia nchi jirani miaka ya 1970. Mei 1983 wanasiasa wanne, watatu wakiwa mawaziri, waliuawa huko Mwanza nchini Malawi, na serikali ikasema ni ajali ya gari. (Banda alishtakiwa kwa vifo hivyo na kuachiliwa mwaka 1995, liandike na hilo.) Alikubali kura ya maoni ya tarehe 14 Juni 1993, akashindwa, kisha akashindwa uchaguzi wa 1994 na kuondoka. Daftarini: dikteta, 1971 hadi 1993, na ukitaka kurudi nyuma hadi miaka ya 1960 sitakupinga.

Tubman aliapishwa Januari 1944 na kufa akiwa rais Julai 1971. Katiba ilibadilishwa ili aweze kugombea tena na tena, na baada ya jaribio la kumuua mwaka 1955 upinzani ulisambaratishwa. Namwandika kuanzia 1955.

Kaunda ananiumiza. Nampenda kwa leso yake nyeupe, kwa msimamo wake dhidi ya ubaguzi wa rangi, na kwa wakimbizi wa ukombozi aliowapokea Lusaka huku nchi yake ikilipia gharama. Lakini mwaka 1972 Zambia ilifanywa nchi ya chama kimoja, kura ya rais ikawa ndiyo au hapana kwa jina lake pekee, na wapinzani kama Simon Kapwepwe waliwekwa kizuizini. Majibu mabaya matatu. Kwa kanuni yangu anaingia daftarini, 1973 hadi 1990. Halafu, kwa wino ule ule, andika kwamba alirudisha vyama vingi, akashindwa uchaguzi wa Oktoba 1991 na kukabidhi madaraka. Aliyempokea, Frederick Chiluba, alitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo mwezi Desemba mwaka huo, na alipotaka kipindi cha tatu mwaka 2001 alizuiwa na wananchi, wanasheria, makanisa na watu wa chama chake mwenyewe. Chiluba hakuwa dikteta: alizuilika.

Moi ndiye anayehitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu wengi tulikuwapo. Mwaka 1978 aliingia kwa njia ya katiba na Desemba akawaachilia wafungwa wa kisiasa. Miaka hiyo ya kwanza usiihukumu kwa yaliyofuata. Juni 1982 Sehemu ya 2A iliingizwa kwenye katiba na chama chake, KANU, kikawa chama pekee kisheria. Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti mwaka huo likafanya mkono uwe mzito zaidi. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu waliondolewa ulinzi wa kazi zao, na 1988 zamu ikawa ya majaji. Uchaguzi wa 1988 ulitanguliwa na mlolongo: watu walipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, na aliyehesabiwa kupata asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Yule wa foleni fupi akitangazwa mshindi, ungefanya nini?

Swali la nne kwa Moi lina anwani. Nyayo House iko Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Watu hupanga foleni pale wakisubiri pasipoti, wameshika fomu na vyeti vya kuzaliwa. Chini ya jengo hilo hilo kulikuwa na vyumba vidogo vya giza, ambamo wafungwa walifungiwa majini hadi ngozi ikaanza kuoza, kisha wakapelekwa mahakamani kukiri makosa. Mwaka 2003 vyumba hivyo vilifunguliwa umma uvione. Ukiwa na kundi la vijana, wapeleke wasimame nje ya jengo lile dakika chache kabla ya kuendelea na mjadala.

Sehemu ya 2A iliondolewa Desemba 1991. Uchaguzi wa 1992 na wa 1997 ulikuwa na vurugu na dhuluma, lakini upinzani uliingia Bungeni, magazeti yakaandika, na tarehe 30 Desemba 2002 Moi akakabidhi madaraka Uhuru Park kwa sababu katiba ilimzuia kugombea tena. Daftarini: dikteta, 1982 hadi 1991, baada ya hapo, mtawala mkali anayezuilika.

Ushahidi usiutafute kwenye jumbe za kusambazwa. Maktaba ya McMillan, iliyo papo hapo Banda Street, ina magazeti ya zamani. Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge zitakuambia nani alisimama na nani alinyamaza siku sheria ilipobadilishwa. Anza na tarehe ya sheria, kisha tafuta gazeti la wiki ile.

Hatua ya nne: sasa pima dini

Shuleni tulizoea mgawanyo rahisi: kipindi cha dini kikifika, Wakatoliki darasa lile, Waprotestanti darasa hili. Kwa kazi hii nauacha mlango wa Uprotestanti wazi kwa wote hawa: Walutheri, Wakalvini na Wapresbiteri, Waanglikana, Wabaptisti, Wamethodisti, Waadventista na Wapentekoste. Kisha andika mtu alifika ngazi gani. Ya kwanza ni kuzaliwa au kulelewa humo. Ya pili ni kuwa muumini kwa hiari akiwa mtu mzima. Ya tatu ni kutawala kwa jina la imani hiyo.

Hapa ndipo makosa ya ukweli yanapojaa. Adolf Hitler alizaliwa na kubatizwa Mkatoliki, huko Austria. Kumwita Mprotestanti kwa sababu Ujerumani ndiyo nchi ya Luther ni kosa. Robert Mugabe wa Zimbabwe alisomeshwa na Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki. Nchi tatu jirani za Baltiki zinaonyesha kwa nini hupaswi kukisia: Antanas Smetona wa Lithuania, aliyeingia kwa mapinduzi ya 1926, alikuwa Mkatoliki, Konstantin Päts wa Estonia, nchi yenye Walutheri wengi, alitwaa madaraka Machi 1934 naye alikuwa Mwothodoksi, Kārlis Ulmanis wa Latvia, Mei 1934, ndiye wa malezi ya Kilutheri.

Vidkun Quisling, aliyetawala Norway chini ya Wanazi, alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, ila alijitungia falsafa yake mwenyewe: ngazi ya kwanza. Chiang Kai-shek wa China alibatizwa katika kanisa la Methodisti Shanghai mwaka 1930, akaendelea kusoma Biblia hadi uzeeni, ilhali Taiwan aliiweka chini ya sheria ya kijeshi tangu 1949 hadi kifo chake 1975: ngazi ya pili. Cromwell na Ríos Montt wako ya tatu. Cromwell aliona ushindi wa vita kama sauti ya Mungu, na Ríos Montt alisema waziwazi kwamba Mungu ndiye aliyemweka.

Ukiwa na ngazi hizi utaona jambo ambalo kuhesabu majina hakuonyeshi: wengi kwenye orodha wako ngazi ya kwanza na ya pili. Kanisa liliwalea, lakini mbinu zao za kubaki madarakani ni zile zile za madikteta wa dini nyingine na wasio na dini.

Hatua ya tano: uliza kanisa lilikuwa wapi

Jibu la swali hili halibadilishi hukumu ya hatua ya pili. Ukiliingiza kule, utamwachilia mtawala kwa sababu askofu mmoja alikuwa jasiri.

Norway maaskofu wote wa Kilutheri walijiuzulu nyadhifa zao za serikali Februari 1942, na Pasaka mwaka huo wachungaji wengi mno wakawafuata, wakabaki kuhudumia waumini bila mshahara wa serikali ya Quisling. Guatemala mambo yaligawanyika hadi ndani ya familia: ndugu yake Ríos Montt alikuwa askofu Mkatoliki. Malawi walioanza ni maaskofu Wakatoliki, kwa barua ya kichungaji iliyosomwa makanisani Machi 1992. Wapresbiteri, kanisa la Banda mwenyewe, walijiunga baadaye mwaka huo. Mprotestanti anayesoma haya asiruke mstari huo.

Kenya ilikuwa na pande zote mbili kwa wakati mmoja. Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilipinga mlolongo tangu 1986. AIC, kanisa la Rais, likajitoa kwenye baraza hilo. Maaskofu Waanglikana Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge walihubiri dhidi ya wizi wa kura na unyakuzi wa ardhi. Muge alikufa katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990, baada ya kuambiwa hadharani na waziri mmoja kwamba akienda Busia hatarudi akiwa hai. Siku ya mwaka mpya 1990 Mchungaji Timothy Njoya wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri, aliuliza mimbarini, ukuta wa Berlin ukiwa umeanguka, chama kimoja kingedumu hadi lini. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipopigwa Uhuru Park, walihamia All Saints Cathedral wakaendelea kudai watoto wao. Polisi waliingia ndani ya kanisa hilo hilo Julai 1997 na kuwapiga watu waliokuwa wakiomba.

Hatua ya sita: kuendesha mjadala wenyewe

Waketishe watu kwa duara na utoe daftari lenye maswali manne kabla mtu yeyote hajataja jina. Wazee wakiwapo waanze wao, kwa sababu wana kumbukumbu, na kijana asimkate mzee kauli. Ila maswali yabaki yale yale kwa wote. Mijadala niliyoiona ikivunjika ilivunjikia kwenye hoja tatu.

"Hakuwa Mkristo wa kweli." Jibu kwa upole kwamba daftari halipimi moyo. Linaandika alibatizwa wapi, aliabudu wapi, alisema nini hadharani.

"Lakini alituletea maendeleo." Tulipokuwa tukimzungumzia Moi, kuna mama alisimama akasema, "Mwalimu, mimi nilikunywa maziwa ya Nyayo shuleni, na ndiyo yaliyonifanya nisikose darasa." Ni kweli, na aheshimiwe. Nilimjibu, "Mama, tuyaandike hayo maziwa kwenye ukurasa wao. Hapa tunauliza kama ungeweza kumpigia kura mtu mwingine." Akafikiri, akasema mwaka 1988 alipanga foleni nyuma ya mgombea aliyemchukia, kwa kuwa chifu alikuwa anaangalia. Ushahidi wake ulikuwa bora kuliko wangu.

Ya tatu ni Warumi 13, "kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu." Usiikwepe. Isomwe yote, kisha isomwe Matendo 5:29, ambapo mitume wanasema imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Baada ya hapo waulize maaskofu wa Norway walikuwa wakitii andiko lipi. Mpe mchungaji nafasi ya kulifafanua. Wewe rudi kwenye historia.

Kwa watawala walio hai, jaza maswali manne na uache mstari wa hitimisho wazi, uandike tarehe ya siku hiyo kwa penseli.

Majina ya kuanzia

Kundi likitaka wa kujipima nao, mpe kila mtu mmoja. Miklós Horthy, Mkalvini, mtawala wa Hungary kwa niaba ya mfalme asiyekuwapo, 1920 hadi 1944: ni mgumu, kwa kuwa Bunge liliendelea kuwapo, na swali la nne ni lazima lifike 1944, Wayahudi zaidi ya laki nne walipopelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, katika majira moja ya kiangazi. François Tombalbaye wa Chad, aliyelelewa na wamisionari Waprotestanti, kisha akalazimisha jando la jadi na kuwatesa wachungaji waliolikataa, hadi alipouawa katika mapinduzi ya Aprili 1975: ni mgumu kwenye ngazi ya dini. Samuel Doe wa Liberia, Mbaptisti, aliyempindua na kumuua William Tolbert mwaka 1980. Naye Tolbert alikuwa mchungaji aliyewahi kuongoza muungano wa Wabaptisti duniani. Wapimeni wote wawili sambamba. Na Sitiveni Rabuka wa Fiji, mhubiri wa Kimethodisti aliyefanya mapinduzi mawili mwaka 1987 na kupiga marufuku shughuli nyingi za Jumapili, akashindwa uchaguzi wa 1999 na kuondoka, kisha akarudi kuwa waziri mkuu kwa kura mwaka 2022. Huyu mpe kijana mvumilivu kuliko wote, na mpe wiki mbili.